Msiite "damu bandia", na tusiache kuchangia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua mnazochapa huwa fupi, ila jambo hili nimekaa nalo kifuani wiki mbili na siwezi kulimaliza kwa maneno mia mbili.

Mimi ni mtaalamu mstaafu wa maabara. Nimefanya kazi miaka 31 katika hospitali za kusini mwa Tanzania, na 17 kati ya hiyo nimeitumikia benki ya damu. Baada ya kustaafu nimerudi nyumbani Lindi, na kila timu ya Damu Salama inapopita kwetu mimi ndiye ninayezunguka mtaa kwa mtaa kukusanya wachangiaji. Watu wangu nawajua kwa majina na kwa makundi yao ya damu. Mmoja wao ni kijana wa bodaboda, kundi O chanya, ambaye kila baada ya miezi mitatu hunipakia bila nauli, kisha naye hupanda kitandani na kunyoosha mkono.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu kumkumbusha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi usisahau."

Akanyamaza kidogo. "Mama, mimi nilijua safari hii hakuna tena. Si wameshatengeneza damu bandia? Imeandikwa gazetini."

Nikamwomba aniletee hilo gazeti. Lilikuwa hili lako. Habari yenyewe ilikuwa na ukweli ndani yake, sisemi kwamba mwandishi amedanganya. Lakini kichwa cha habari kilikuwa kimekwisha kuifikisha damu hiyo hospitalini, na watu wengi husoma kichwa cha habari tu, tena kwenye simu, wakiwa wamesimama stendi.

Nianze na neno lenyewe. Bandia. Najua tunasema meno ya bandia na mguu wa bandia, na hakuna anayeogopa mguu wa bandia. Lakini kitu cha kutundikwa kwenye dripu na kuingia mshipani kiko karibu zaidi na dawa kuliko na mguu, na "dawa bandia" kwa Mswahili ni ile inayokamatwa dukani na kuchomwa moto mbele ya kamera. Nimewahi kuona mgonjwa anakataa dawa kwa sababu tu lebo ya kopo imebadilika rangi. Huyo ukimwambia "tunakuwekea damu bandia" atang'oa sindano. Tumekwisha kukubali kusema "akili unde" kwa ile akili ya kompyuta. Basi hizi nazo ziitwe seli unde, au hata "seli za kutengenezwa", mradi neno lisimtishe mtu kabla hajaelezwa.

Sasa nikusimulie usiku mmoja, ili uone kwa nini mada hii kwangu si ya kusoma na kukunja gazeti.

Ilikuwa masika, katika hospitali ya wilaya ambayo sitaitaja, kwa sababu waliokuwapo zamu walifanya walichoweza. Umeme ulikatika jioni. Jenereta lilikuwapo, dizeli haikuwapo. Damu hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 6, na friji iliyojazwa vizuri ikiachwa imefungwa huweza kuvumilia saa kadhaa, hivyo niliupiga mlango wake plasta mtu yeyote asije akaufungua kwa kusahau. Mle ndani mlikuwa na chupa tisa. Tunaziita chupa kwa mazoea ya zamani. Kwa kweli ni mifuko ya plastiki ya mililita 450. Kufika saa nane usiku kipimajoto kikasoma 13. Damu ikishavuka nyuzi 10 haitumiki tena, maana kama kuna bakteria mmoja ndani yake ameshapata joto la kuzaliana, na unaweza kummiminia mgonjwa kifo kwa mikono yako mwenyewe. Nikaandika kwenye daftari la joto: 13. Chupa 9. Zimeharibika.

Saa tisa mkunga akagonga mlango wa maabara, glavu bado ziko mikononi. Mama amejifungulia zahanati, kondo limebaki, ameletwa kwa pikapu juu ya matope. Nilipompima, wingi wa damu ulikuwa 3.8, chini mno. Kundi O. Mume wake B. Shemeji yake alikuwa O, lakini kipimo chake cha homa ya ini kikaonyesha chanya. Mlinzi wa getini akasikia, akaegesha rungu lake ukutani, akaniambia, "Dada, mimi ni O, nitoe." Kujaza mfuko ni dakika kumi hivi. Kisha kipimo cha VVU, cha homa ya ini B na C, cha kaswende, halafu kulinganisha damu ya huyu na ya huyu. Hakuna hata kimoja unachoweza kuruka. Mfuko ule niliutundika saa kumi na dakika arobaini alfajiri, ukiwa na joto la mkono wa mlinzi. Mama alifariki saa kumi na moja kasoro dakika tano. Theluthi moja tu ilikuwa imeingia.

Mtoto aliishi.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kuna unga unaoweza kukaa kabatini bila friji, bila kundi, bila kulinganishwa, ukachanganywa na maji safi ya dripu na kubeba hewa ya oksijeni mwilini mwa mama yule kwa saa chache tu hadi mfuko wa pili na wa tatu upatikane, mimi simcheki. Nimeitamani dawa hiyo tangu usiku ule. Na kwa kuwa nimeitamani nimeifuatilia, kwa Kiingereza changu cha maabara, mwaka hadi mwaka.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1957 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, jina lake Thomas Chang, alitaka kutengeneza chembe nyekundu ya damu kwa mikono yake. Hakuwa na maabara ya maana. Alifanyia kazi chumbani kwake bwenini, akitumia vichupa vya kupulizia manukato na kolodioni, ile gundi inayokauka ikawa ngozi nyembamba. Akatengeneza vifuko vidogo vyenye himoglobini ndani, ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Utando wake ulikuwa na vitundu: vitu vidogo kama oksijeni vinapita, himoglobini iliyo kubwa inabaki ndani. Hicho ndicho kiini cha seli unde yote hadi leo. Ni kifuko kinachochagua kipi kiingie na kipi kitoke, na ndani yake umeweka kitu cha kufanya kazi. Alichapisha matokeo yake katika jarida la Science mwaka 1964.

Vifuko vyake vilipotiwa kwenye damu ya wanyama viliondolewa upesi mno. Chembe yetu nyekundu ina upana wa kama sehemu nane tu ukiigawa milimita moja mara elfu, na inapita kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe kwa kujikunja kama chapati. Kwenye bandama inajipenyeza kwenye nyufa finyu zaidi, na isiyoweza kujikunja inakamatwa hapo. Inafanya hivyo siku 120. Nimeziangalia chembe hizo kwa darubini maisha yangu yote na bado nikikaa nikafikiri, nastaajabu: mfuko usio na hata kiini, na hakuna kiwanda duniani kilichoweza kuuiga.

Lakini Chang hakurudi mikono mitupu, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiangalie damu peke yake. Alichukua mkaa maalumu wa kunyonya sumu, akauvika ule utando wake. Mkaa mtupu ukigusana na damu unaacha vumbi na unaharibu chembe sahani zinazogandisha damu. Ukivikwa, damu inapita juu yake, sumu inanyonywa, chembe zinabaki salama. Kuanzia miaka ya 1970 wagonjwa waliokunywa dawa kupita kiasi walisafishwa damu kwa njia hiyo. Aliyetaka kutengeneza damu akaishia kutengeneza chujio.

Halafu kuna Mwingereza Alec Bangham, mtaalamu wa damu kama sisi, aliyekuwa Babraham karibu na Cambridge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitia mafuta ya aina ya yale yanayojenga utando wa seli kwenye maji, akayaweka chini ya darubini ya elektroni, akakuta yamejikunja yenyewe kuwa vifuko vyenye tabaka mbili. Hakuna aliyeyaamrisha. Vifuko hivyo vinaitwa liposomu, na msomaji asidhani ni habari za mbali. Nikiwa kazini nilikuwa napokea kila siku sampuli za wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, wengi wao wakiwa wanaishi na VVU. Dawa yao ilikuwa amfoterisini ya kawaida, dripu ya kila siku. Wodini walikuwa wakitetemeka hadi kitanda kinalia. Maabara mimi nilikuwa naona upande wa pili: Jumatatu kreatinini, kipimo cha figo, iko sawa, Jumatano imepanda, Ijumaa potasiamu imeshuka na damu nayo inapungua. Dawa inaua fangasi na inakula figo kwa wakati mmoja.

Dawa hiyo hiyo ikifungwa ndani ya liposomu, figo hupata ahueni kubwa. Jaribio lililotoa majibu mwaka 2022 lilifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na kwa upande wa Uganda ilikuwa Kampala na Mbarara. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 800. Nusu walipewa dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu siku ya kwanza pamoja na vidonge vya wiki mbili. Nusu walipewa dripu za siku saba kwa utaratibu wa zamani. Baada ya wiki kumi, waliofariki walikuwa asilimia 24.8 kwa dozi moja na asilimia 28.7 kwa utaratibu wa zamani, na madhara yalikuwa machache zaidi kwa dozi moja. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Dripu moja badala ya saba! Ukiuliza ni nani aliyeipa dunia jibu hilo, ni wagonjwa wa Afrika na wauguzi wa Afrika. Nitalirudia jambo hili chini.

Turudi kwenye damu, maana ndiyo iliyozua maneno.

Kulikuwa na wakati wataalamu walisema: kwa nini tuhangaike na kifuko? Tuichukue himoglobini peke yake, tuisafishe, tuiunganishe isisambaratike, tuitie kwenye dripu. Ilitengenezwa hata kwa himoglobini ya ng'ombe, na Afrika Kusini iliidhinisha dawa ya namna hiyo kwa matumizi ya binadamu mwaka 2001. Mtu wa benki ya damu akisikia "himoglobini nje ya chembe" nywele zinamsimama. Sisi tunaijua hali hiyo kwa jina jingine: damu iliyopasuka. Ukiweka mrija kwenye mashine ya kuzungusha, ile plazma ya juu, yaani majimaji ya damu, inayotakiwa kuwa na rangi ya majani makavu inatoka nyekundu kama juisi ya rozela, na mgonjwa aliyewekewa damu isiyo yake anakojoa mkojo mweusi. Himoglobini iliyo huru inaumiza figo, na inanyonya gesi ya naitriki oksidi ambayo mishipa huitumia kujilegeza. Ikinyonywa, mishipa inakaza, presha inapanda, moyo unabanwa. Mwaka 2008 yalikusanywa matokeo ya majaribio 16 yenye wagonjwa 3,711 waliopewa dawa za aina hiyo au kulinganishwa nao: hatari ya kufa ilikuwa imeongezeka kwa karibu theluthi moja, na ya shambulio la moyo ilikuwa mara mbili na nusu na zaidi.

Mwandishi wako hakuligusa hilo hata kwa mstari mmoja. Wapo waliokufa katika safari hii, Mhariri. Wapewe heshima yao ya kutajwa.

Baada ya hapo watu wakarudi kwa Chang: himoglobini irudishwe ndani ya kifuko. Walionivutia zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Nara, Japani. Kifuko chao ni cha mafuta, mfano wa kile cha Bangham, chenye upana wa milimita moja ukiigawa mara elfu nne. Ndani kimejaa himoglobini nzito, iliyopashwa joto la nyuzi 60 kuua virusi. Hakina kundi la damu. Wanasema kinaweza kutunzwa miaka miwili kwenye joto la chumbani, wakati chupa yangu ya damu, hata friji ikiwa nzima, mwisho wake ni siku 35. Mwaka 2022 walichapisha majibu ya mara ya kwanza kwa binadamu: wanaume 12 wenye afya, waliopewa mililita 10, au 50, au 100. Wengine walipata homa na vipele, wakapona. Huko Marekani nako, Chuo Kikuu cha Maryland kinaongoza kundi lililopewa na idara ya ulinzi zaidi ya dola milioni 46 mwaka 2023 kutengeneza damu ya unga kwa ajili ya askari waliojeruhiwa mbali na hospitali.

Sasa yule kijana wangu aziangalie namba hizo vizuri. Wanaume 12. Mililita 100, ambayo haifiki hata robo ya chupa anayotoa yeye. Vifuko hivyo hukaa mwilini siku chache tu, si siku 120. Maana yake, hata vikifaulu vitakuwa daraja la kumvusha mgonjwa hadi afike kwenye damu yenyewe. Mtoto wa selimundu, na hapa Tanzania wanazaliwa takribani 11,000 kila mwaka, hawezi kulelewa na kitu cha siku chache. Na hata kule ng'ambo ya daraja lazima kuwe na chupa inayomsubiri.

Liko jambo ambalo ningependa lichapwe kwa herufi kubwa kama ingewezekana. Himoglobini ya kifuko cha Nara haitoki kiwandani. Inatoka kwenye damu ya wachangiaji iliyopitwa na muda wake. Na himoglobini ya Maryland ni ya binadamu. Seli unde ya leo inaanzia mkononi mwa mtu aliyelala kitandani na kukunja ngumi. Anayeacha kuchangia eti kwa sababu seli hizo zinakuja, anakausha kisima kinachotegemewa kuzijaza.

Nilimweleza kijana hivyo tukiwa barazani kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Jirani yangu, bibi mmoja mcha Mungu aliyekuwa anasuka ukili pembeni, naye akauliza: "Na hiyo ya ng'ombe, ng'ombe mwenyewe alichinjwa?" Asidharauliwe. Mwanamke huyo ndiye wajukuu zake wakizidiwa watamuuliza wakubali au wakatae. Ni bora wanaotengeneza walijue swali lake leo, kuliko walikute mlangoni mwa wodi.

Kwa kuwa ni mtu wa maabara, nina maswali mengine ambayo sijaona gazeti lolote likiyauliza, nami nayaandika hapa kwa matumaini kuwa watafiti wetu wa Muhimbili, wa Ifakara, na wenzao wa Kilifi, Kenya, watayasoma.

La kwanza ni hilo "joto la chumbani". Chumba cha nani? Stoo ya dawa ya zahanati nyingi nilizozikagua ni ya bati, bila dari, na mchana wa Novemba huwezi kuushika mpini wa kabati. Nikiambiwa miaka miwili kwenye joto la chumbani, nataka kuona kifuko hicho kimekaa miaka miwili Liwale au Nachingwea, si Nara. La pili ni vipimo. Mashine zetu nyingi husoma rangi. Mgonjwa akiwa na himoglobini inayoelea kwenye plazma, sampuli yake itakuwa nyekundu hata baada ya kuzungushwa, na hapo bilirubini (kipimo cha ini), kreatinini na vinginevyo vinaweza kusoma uongo. Hili limeshaonekana kwa dawa za himoglobini zilizotangulia. Daktari atatibu namba isiyo ya kweli na lawama itashuka maabara. Kwa hiyo siku kifuko kinapokuja kije na mafunzo yake: sampuli ichukuliwe kabla ya dripu, na fundi wa zamu aambiwe. Mimi ningeambiwa na nani saa tisa usiku? La tatu ni maji. Unga unataka maji safi ya dripu, na nimeshuhudia wiki ambazo maji ya dripu yenyewe yameisha, ndugu wanatumwa dukani.

Haya si maswali ya kukataa. Ni maswali ya mtu anayetaka kitu kimfae. Aliyekibuni kwa ajili ya askari na aliyekwama na mjamzito kwenye matope wana shida moja: damu iko mbali na muda haupo. Lakini kitu kilichobuniwa kwa ajili ya jeshi lenye helikopta hakitajua habari za bati la Liwale mpaka aliyekaa chini ya bati hilo akae nao mezani. Ndiyo maana nilisema nitarudi kwenye lile jaribio la uti wa mgongo. Pale Kampala na Mbarara hawakungoja utaratibu wa dozi upangwe Ulaya ndipo waletewe na maelekezo. Walikuwa sehemu ya kuuliza swali, na swali lilikuwa la kwetu: dozi moja inatosha? Kwenye seli unde za kubeba oksijeni sijasikia bado sauti ya namna hiyo kutoka huku, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kichwa cha habari.

Wapo wanaoogopa kwamba mchezo huu utazaa kiumbe. Nijibu kwa ufupi. Vifuko nilivyoeleza haviishi, havili, havizaliani. Kuna kazi nyingine tofauti, ya kupunguza bakteria hai hadi abaki na jeni chache kabisa. Taasisi ya J. Craig Venter huko Marekani ilimtangaza mwaka 2016 akiwa na jeni 473, na 149 kati ya hizo walikuwa hawajajua kazi yake. Asili yake ni bakteria wa mbuzi, na wafugaji wetu wanajua jinsi jamaa za bakteria huyo wanavyomaliza zizi kwa homa ya mapafu. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, iliyoko Nairobi, ilishirikiana nao: bakteria aliyeondolewa kundi la jeni alipopewa mbuzi, hawakuugua, na majibu yakatoka mwaka 2019. Huko ndiko tahadhari inakohitajika. Mwishoni mwa 2024 wanasayansi 38 waliandika katika Science kwamba bakteria wa "kioo", yaani aliyejengwa kwa molekuli zilizogeuzwa kama kushoto na kulia, asitengenezwe kabisa, kwa kuwa kinga ya miili yetu huenda isimtambue. Wamesema wenyewe kabla ya kulazimishwa, nami nawaamini zaidi kwa sababu hiyo. Ila gazeti likichanganya bakteria wa kioo na kifuko cha mafuta katika aya moja, msomaji atakimbia vyote viwili.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mchape masahihisho, kwa ukubwa ule ule wa habari ya kwanza, mkieleza kwamba seli hizi ziko kwenye majaribio ya mwanzo, kwamba hazichukui nafasi ya wachangiaji, na kwamba zinatokana nao. Na mtume mwandishi kwa wataalamu wetu akawaulize ni nani kati yao yumo kwenye utafiti huu, na kama hayumo, kinachomzuia ni nini.

Barua hii nilimsomea kijana wangu kabla ya kuituma. Jumamosi alikuja, na chupa yake ilijaa kwa dakika saba. Akiwa bado amebana pamba kwenye mkono akaniuliza, "Mama, zile chupa tisa za usiku ule, zilizopata joto, ulizipeleka wapi?" Nikamwambia: kwenye tanuri, tulizichoma asubuhi. Akasema, "Himoglobini yote ile? Na Wajapani wanaiokota kwenye damu iliyopitwa na muda?"

Swali lake naomba nalo lifikishwe kwa wataalamu.

Wako katika kuchangia damu,
Mtaalamu mstaafu wa maabara,
Lindi